Nionyeshe Mikono

Katika kitongoji chao, nusu saa kwa pikipiki kutoka Nduguti, wilayani Mkalama, Klara ndiye aliyekuwa mwanamke pekee anayeponda kitunguu kwa jiwe. Wenzake walikata. Tena walikata kwa kujidai, maana huko watu wanaishi kwa kitunguu, na msichana wa miaka kumi ukimpa kisu atakimaliza kitunguu huku anakusimulia habari za shule bila kutazama chini. Klara alikiweka kitunguu juu ya jiwe la kusagia, akakigonga kwa jiwe dogo, maji yakamrukia machoni, akakizoa kilivyo na kukitia kwenye sufuria. Mboga yake ikawa na mabonge. Mume wake, Antipasi, alikula bila kusema neno. Mama wa Antipasi, Bibi Marietha wa ng'ambo ya korongo, alisema kwa niaba ya wote wawili.

"Huyu kwao hawakumfundisha kushika kisu?"

Kwao walimfundisha, na alifundishika. Kabla ya yote haya Klara alikuwa mkataji wa kusifiwa. Wakati wa mavuno wanawake huketi mistari shambani, kila mmoja na kisu chake kifupi, wakikata majani makavu na mizizi kabla vitunguu havijaingia kwenye magunia. Klara alikuwa anafunga gunia la pili wakati mwenzake wa pembeni bado anatafuta sindano ya kushonea la kwanza. Wenye mashamba walikuwa wanamfuata nyumbani kumwomba. Halafu akaacha ghafla, akasema mgongo unamuuma, na tangu hapo kazi yake shambani ikawa kubeba na kupanga. Kisu hakushika tena.

Ilianza mtoto wake Peniel akiwa na miezi mitatu. Siku hiyo alikuwa amemlaza kwenye kanga, kivulini mwa lundo la vitunguu, hatua mbili tu kutoka alipoketi. Kisu kilikuwa kinakwenda, umbea unakwenda, hata jua halikuwa kali. Mara, bila kupiga hodi, likaingia wazo: hiki kisu ukimchoma nacho huyu mtoto je? Haikuwa sauti, wala hakuwa amesinzia. Lilikuwa wazo tu, na picha yake, na damu yake. Klara alikitupa kisu, akainuka, akaenda nyuma ya mgunga akatapika. Wenzake walidhani ni mimba nyingine, wakaanza kumtania kwamba Antipasi hana simile.

Wazo lilirudi jioni, likarudi kesho yake, likahamia kabisa. Kila kisu kikionekana, lipo. Akiona shoka, lipo. Klara akakichukua kisu cha nyumbani, kile kimoja walichokuwa nacho, akakifukia kwenye kihenge, ndani kabisa ya uwele. Ungedhani angepumzika. Wapi! Sasa ikabidi ahakikishe kwamba bado kimo, isije ikawa amekitoa mwenyewe bila kujijua. Anapanda kihenge, anazamisha mkono hadi begani, anakigusa mpini, anashuka. Hajafika mlangoni, moyo unamuuliza: una hakika ulikigusa? Anarudi. Mara tatu. Mtu akipiga hodi katikati, anaanza upya kutoka mwanzo.

Halafu mikono. Kila akimshika Peniel na kumlaza, aliitazama mikono yake, viganja kwanza, kisha migongo, mara tatu, kuona kama haina damu. Haikuwahi kuwa na damu. Ilikuwa na unga, au udongo, au povu la sabuni. Alijua hivyo kabla hajatazama, na alitazama hivyo hivyo.

Hapa ndipo watu wanapokosea, na wakikosea wanakosea kwa kelele. Wanadhani mama mwenye mawazo kama hayo hampendi mwanawe. Klara alimpenda Peniel kupita kiasi, na ndiyo sababu wazo lilijua pa kumshika. Angekuwa hampendi, wazo lingepita kama linavyopita kwenye vichwa vya watu wote, hata chako wewe unayesoma, siku ile uliposimama ukingoni mwa kisima na mtoto wa mwenzio kando yako. Wewe ulitikisa kichwa ukaendelea na safari. Klara hakuweza kuendelea na safari.

Alifunga, aliomba. Mwinjilisti wa kanisa lao, mtu mwema, alimwambia kila mawazo mabaya yakija aseme mstari fulani wa Zaburi. Hakumuuliza ni mawazo gani, na Klara hakumwambia. Alisema mstari ule hadi mdomo ukakauka, na akikosea neno moja anarudia, hadi mstari nao ukawa kazi nyingine juu ya kazi ya kihenge na kazi ya mikono. Miaka minne ilipita hivyo. Peniel akakua, akawa msichana mdogo mwenye maswali, wa kushinda anamfuata mama yake kila pembe ya nyumba na kumwangalia anachofanya.

Antipasi ndiye aliyemkuta. Alirudi kuchukua jembe akamwona mkewe yuko juu ya kihenge, mkono ndani, machozi yanamtoka, na mara ile ilikuwa ya sita maana kuku alikuwa ameingia akamkatiza mara mbili. Alipomuuliza, Klara alikuwa amechoka kudanganya. Akasema yote, pale pale juu, kabla hajashuka. Na Antipasi, haki yake apewe, hakumpiga wala hakukimbia. Alikaa chini akashika kichwa. Kesho yake alimpakia kwenye pikipiki akampeleka kituo cha afya, kwa nesi mmoja aliyeitwa Rukaiya, ambaye kila Alhamisi alikuwa anawaona watu wenye shida za akili.

"Shikamoo, nesi," Klara alisema, mumewe akiwa kando yake, akatazama sakafu.

"Marahaba. Kaa, Mama Peniel. Usiogope, mlango nimefunga."

Nesi Rukaiya alimsikiliza bila kuandika. Klara alipofika kwenye kisu na damu alingoja aone yule nesi akisogeza kiti nyuma. Hakukisogeza.

"Umewahi kumpiga huyo mtoto?"

"Hata kofi, nesi."

"Ukiliona hilo wazo, unalitaka?"

"Nalichukia. Natamani nife."

"Basi sikia. Huo ni ugonjwa, tena unajulikana, na wewe siyo wa kwanza kukaa kwenye hicho kiti. Wazo siyo nia. Mtu anayetaka kuua hafichi kisu akakilinda miaka minne. Wewe ndiye mlinzi wa huyo mtoto kuliko mtu yeyote hapa Mkalama, ila unalinda hadi unajiua mwenyewe."

Klara alilia. Alilia kwa sauti hadi mtu wa nje akagonga mlango kuuliza kama kuna msiba.

Alipewa vidonge vya kumeza kila asubuhi, na akapewa mazoezi, na mazoezi ndiyo yaliyomtisha. Kwanza kisu kitoke kwenye kihenge, kikae mezani, mtoto akiwa nje. Asiende kukigusa, asitazame mikono, asiseme mstari. Wazo likija alikalishe kama mgeni asiyealikwa, asimfukuze, asimpikie. Akizoea hapo, akate kitu mtoto akiwa uani. Halafu mtoto akiwa chumba kimoja. Halafu kando yake. Mwisho kabisa, siku atakapokuwa tayari, akate vitunguu mtoto akiwa amempakata.

"Na watu wa nyumbani waelezwe," nesi alimwambia Antipasi walipokuwa wanatoka. "Mtu asiyejua akiona hayo mazoezi ataelewa vibaya. Chukua namba yangu. Kukiwa na tatizo lolote, nipigie."

Antipasi aliiweka namba kwenye simu. Lakini njiani, pikipiki ikiwa inapanda kilima taratibu, aligeuza kichwa akasema, "Mama tusimwambie."

"Nesi amesema—"

"Nesi anaishi Nduguti. Sisi tunaishi huku. Neno ugonjwa wa akili likitoka mdomoni kwa mama, jioni liko kisimani. Unajua watu wanavyochunguza ukoo kabla ya kuoa. Watauliza kama kuna kifafa, watauliza kama kuna kichaa. Peniel nani atamuoa?"

Peniel alikuwa na miaka minne, bado anavaa kandambili kinyume. Klara aliona lile swali limekuja mapema mno. Lakini Antipasi alikuwa amempeleka hospitali wakati wanaume wengine wangempeleka kwao na mizigo yake, kwa hiyo aliahidi hatasema.

Ilichukua miezi mitano. Kisu mezani peke yake kilimmaliza wiki tatu. Alikuwa anakaa kwenye kigoda anakitazama huku jasho linamtoka, na mikono ameikalia isigeuke. Akashinda hapo. Akakata nyanya, mtoto akiwa uani. Akakata mkate wa sikukuu, mtoto akiwa mlangoni. Kila Alhamisi nesi alimuuliza, "Wazo lilikuja?" naye anajibu, "Lilikuja, likakaa, likachoka." Nesi anacheka. Jiwe la kupondea vitunguu lilianza kuota vumbi, na Stumai, jirani yake, alikuja kuomba mboga akasema leo Mama Peniel umepika kama mtu.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya mavuno, saa nne asubuhi. Antipasi alikuwa shambani. Uani kulikuwa na lundo la vitunguu lililoletwa jana likisubiri kukatwa majani. Klara aliweka kigoda, akashika kisu, akamwita Peniel. Alimpakata. Mtoto akaegemea kifua chake akaanza kuchezea majani makavu, na Klara akapitisha mikono pande zote mbili za kile kiwiliwili kidogo, kitunguu kushoto, kisu kulia, akaanza.

Wazo lilikuja kwenye kitunguu cha kwanza. Lilikuja na picha zake zote. Klara alikata. Cha pili, alikata. Moyo ulikuwa unadunda hadi Peniel akasema, "Mama, tumbo lako linagonga." Alikata cha kumi, cha ishirini. Na hapo kwenye ishirini na kitu, akagundua kwamba mkono umerudi kwenye kasi yake ya zamani, ile ya kufunga gunia la pili, na wazo limekaa pembeni halina wa kuongea naye. Furaha ilimpanda. Vitunguu vile vilikuwa vikali, vimeshamliza tangu cha tatu, na sasa machozi yakaongezeka ya kwake mwenyewe. Akamwinamia mwanawe, akambusu kisogoni, kisu kikiwa bado mkononi, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nisamehe kwa miaka yote."

Bibi Marietha alikuwa amesimama nyuma ya ua na ndoo ya maji kichwani.

Ukweli ni kwamba aliona alichokiona. Mkwewe analia. Kisu kiko mkononi, shingo ya mjukuu iko chini ya kidevu, na maneno ni ya kuagana. Yule bibi hakuuliza. Aliiachia ndoo ikaanguka, akapiga yowe.

Yowe kule si kitu cha kusikia ukabaki ndani. Asiyeitikia anatozwa faini, na siku yowe la kwake likipigwa hataitikiwa. Watu waliacha mavuno. Walitoka mashambani kwa mbio, wanaume na fimbo, wanawake na visu vyao vifupi vya kukatia vitunguu bado mikononi, macho yao mekundu, mashavu yao yamelowa machozi kama ya Klara kwa sababu walikuwa kwenye kazi ile ile tangu alfajiri. Wakamzunguka. Bibi Marietha alishamnyakua Peniel, na kwa hofu maneno ya Kiswahili yakamkimbia, akaeleza kwa Kinyiramba: alikuwa analia, alikuwa anamwomba msamaha, kisu hiki hapa. Kitongoji kizima cha wakata vitunguu, na hakupatikana hata mmoja wa kukumbuka kwamba kitunguu kinaliza.

"Nilikuwa nakata vitunguu," Klara alisema.

"Na mtoto mapajani?" mtu mmoja akauliza. "Nani anakata vitunguu na mtoto mapajani?"

Kweli, hakuna anayekata hivyo. Klara angeweza kueleza kwa nini yeye alikata hivyo, lakini alikuwa ameahidi asiseme. Alimtafuta Antipasi kwa macho, na Antipasi alikuwa ndiyo kwanza anafika, anahema.

Siku mbili zile Peniel alilala kwa bibi yake, ng'ambo ya korongo. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Gaspari, aliitisha kikao Jumapili baada ya ibada. Klara alimshika mume wake mkono.

"Baba Peni, mpigie nesi aje. Yeye ataeleza vizuri. Hata kwa simu, waweke kipaza sauti."

"Nitampigia."

Jumapili asubuhi alimuuliza tena. Antipasi alikuwa anafunga viatu. "Nimepiga toka jana," alisema. "Hapatikani."

Mzee Gaspari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shamba lake la vitunguu linangoja, na watu wake wamekaa juani, na alitaka jambo liishe kabla ya chakula cha mchana. Alimsikiliza Bibi Marietha. Akamsikiliza Stumai, ambaye aliulizwa kama kweli Klara alikuwa hagusi kisu miaka yote hii, akajibu kwamba ni kweli, hata yeye amewahi kumkatia mboga, akasema hivyo kwa nia njema kabisa, kumtetea. Watu wakaguna. Sasa kumbe kisu alikiogopa kwa sababu alijijua!

"Mama Peniel," mwenyekiti akasema, "maneno tumeyasikia mengi. Mimi nakuuliza swali moja, na hapa tuko mbele za Mungu. Umewahi kuwaza kumuua mwanao?"

Angesema hapana. Watu wote waliokaa pale wangesema hapana, na nusu yao wangekuwa wanadanganya, na wangeenda kula. Lakini Klara hakuwa na uwezo wa kusema uongo huo. Hilo nalo lilikuwa tawi la ugonjwa, na nesi alishamwambia: utataka kuungama kila kitu ili moyo utulie, jihadhari. Kwa miaka minne aliamini kwamba akidanganya hata kidogo juu ya Peniel, lile analoliogopa litatokea kweli. Alifungua mdomo ili aseme hapana, akaona picha ya mtoto amelala chini, akaona kwamba akisema hapana, yeye ndiye atakuwa amemuua.

"Ndiyo," alisema. "Lakini siyo kwa kutaka—"

Maneno yaliyofuata hayakusikika. Kina mama walipiga kelele, mtu akasema Yesu wangu, na Bibi Marietha akajifunika uso kwa kanga.

"Muulizeni Baba Peni!" Klara alikuwa anapiga kelele juu ya kelele. "Yeye anajua! Alinipeleka mwenyewe! Baba Peni, waambie, waambie jina la nesi, waambie nilikuwa nafanya nini!"

Wote wakamgeukia Antipasi. Alisimama taratibu, akavua kofia, akaizungusha mikononi. Klara alikuwa anamtazama jinsi mtu anavyomtazama anayemnyooshea kamba kisimani. Neno moja tu lilihitajika, na neno lenyewe lilikuwa ugonjwa.

"Mimi ninachojua," Antipasi alisema, "mwenzangu amekuwa akisumbuliwa. Ni mambo ya roho. Nilikuwa nimeshaongea na mwinjilisti. Ataombewa, atakaa sawa."

Akakaa. Watu wakapumua. Roho wanaijua: inaingia, inatoka, haiachi kitu kwenye damu, na zaidi ya hapo inakuwa imeingia na mwanamke kutoka kwao. Hakuna atakayekuja miaka kumi na tano baadaye kumuulizia Peniel kama ukoo wa baba yake una kichaa. Antipasi alikuwa ameipiga hesabu yake vizuri, na mkewe ndiye aliyekatwa.

Iliandikwa kwamba mtoto akae kwa bibi yake hadi mama yake atakapoombewa na kuonekana amepona. Jumapili anaweza kwenda kumwona, mtu mzima akiwepo. Wazee walitia sahihi. Nani ataamua kwamba amepona, na kwa kutazama nini, hilo halikuandikwa.

Alhamisi Klara alikwenda kituoni kwa miguu. Nesi Rukaiya aliposikia alisimama.

"Kwa nini hamkunipigia?"

"Baba Peni alipiga. Ulikuwa hupatikani."

Nesi alichukua simu yake mezani, akafungua mahali pa simu zilizoingia, akaisukuma mbele ya Klara. Jumamosi alipigiwa na watu wanne, Jumapili na wawili. "Simu yangu haijazimwa wiki nzima. Nionyeshe namba ya mume wako hapo."

Haikuwepo. Klara aliitafuta mara tatu, juu hadi chini, na mara hii haikuwa ugonjwa.

Nesi hakungoja. Alimpakia Klara kwenye pikipiki ya kituo wakaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, wakamkuta anashona magunia. Mzee Gaspari alimpa nesi kiti, akamsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Nesi, ungekuja Jumapili. Ungekuja Jumapili tungeongea. Sasa kikao kimefungwa, wazee wameweka sahihi, na mwenye mke mwenyewe amesema ni roho. Nikifungua leo, nimemfanya Antipasi mwongo mbele ya watu. Tutaangalia baada ya mavuno."

"Mavuno yataisha lini?"

"Tutaangalia."

Jioni ile Klara hakupika. Antipasi alirudi akamkuta ameketi kwenye kigoda kile kile, uani, mbele ya lundo lile lile.

"Hukupiga simu," Klara alisema.

Aliegemeza jembe ukutani. "Sikupiga."

"Kwa nini?"

"Nimefanya kwa ajili ya Peniel. Wewe hujui watu. Roho itasahaulika. Kichaa hakisahauliki."

"Mimi siyo kichaa."

"Najua." Alisema hivyo kwa upole, na upole ule ndio uliomuuma Klara kuliko kitu chochote. "Mimi najua. Lakini ningewaelezaje wao?"

"Ungewaeleza alivyokueleza nesi. Ulikuwepo. Ulisikia."

Antipasi aliingia ndani akajipakulia uji uliobaki wa asubuhi. Klara alimchukia, waziwazi, moyoni mwake mwote, na ajabu ni kwamba chuki ile haikumtisha. Aliyekuwa anaogopa kivuli cha wazo alikaa na chuki nzima mapajani na hakuitazama mikono yake. Angeondoka siku hiyo hiyo arudi kwao, lakini kwao ni mbali, na Jumapili mtoto ataletwa mlangoni kuangalia kama mama amekuja.

Kisu kilibaki mezani. Hakukificha tena, hapakuwa na wa kumfichia. Klara alikata vitunguu vyembamba hadi unaona mwanga upande wa pili, na mboga ikawa laini, na Antipasi siku moja alijisahau akaisifu. Wazo lilikuwa linakuja mara chache, linakuta nyumba haina mtoto, linaondoka. Nesi aliandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameendelea vizuri, kisha akaweka kalamu chini akasema, "Pole, mdogo wangu." Vidonge aliendelea kumeza. Mwinjilisti alimwombea mara mbili, na kina mama wakaimba.

Jumapili ya tano alikwenda kama kawaida, Antipasi akiwa mbele na mfuko wa karanga. Walivuka korongo. Bibi Marietha alikuwa ametandika mkeka mlangoni, na Peniel amesimama nyuma yake ameshika kanga. Nywele zilikuwa zimesukwa upya. Klara alipiga magoti akanyoosha mikono.

"Shikamoo, Mama," alimsalimia mkwe wake kwanza.

"Marahaba."

"Peni, njoo."

Mtoto hakuja. Alimtazama bibi yake, kisha akamtazama mama yake, akasema kwa sauti ya mtu aliyekariri, "Mama, nionyeshe mikono."

"Nini?"

"Bibi amesema nikiona mama, kwanza nitazame mikono."

Klara alimtazama Bibi Marietha. Yule bibi hakukwepa macho. "Mtoto lazima ajue kujilinda," alisema.

Basi Klara akafungua viganja. Peniel alisogea hatua moja, akavikagua.

"Geuza."

Akageuza.

"Tena."

"Peni, mama hana kitu."

"Tena," mtoto alisema, na sauti ikaanza kupanda. "Mara tatu! Usipofika tatu naanza upya!"

Hilo bibi hakumfundisha. Bibi Marietha mwenyewe alishtuka, akamwangalia mjukuu wake. Mara tatu, viganja kwanza kisha migongo, na kuanza upya ukikatizwa, mtoto aliyaona mahali pamoja tu, kwa miaka minne, akimfuata mama yake kila pembe ya nyumba. Antipasi alikuwa ameshika mfuko wa karanga, na mfuko ukawa unamwaga karanga moja moja mkekani bila yeye kuona.

Klara aligeuza mikono mara ya tatu, polepole, ili ihesabike. Peniel akashusha pumzi, akaja, akaingia kifuani mwake kwa nguvu zake zote. Wakakaa hivyo. Mtoto alinukia mafuta ya alizeti.

Kisha mtoto akajitoa kidogo, akainua mikono yake mwenyewe midogo mbele ya uso, akatazama viganja, akageuza.

"Moja," alisema.